Albamu ya Tano ya Tetere

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na goti lako nalijua. Linaendeleaje? Na shemeji je, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Yule mwanao wa mwisho, Mzee Kijana wetu, ameshaacha kula chaki? Wabusu wote kwa niaba yangu, shemeji umpe mkono tu. Mimi mwili hauna neno, nakula, nalala kidogo. Roho ndiyo imekataa kutulia.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Nimekupigia mara tatu mwezi huu nikitaka kukueleza jambo hili, na mara zote tatu nikaanza utani, ukacheka, tukaagana. Mara ya mwisho uliniuliza kama nina mimba. Sina, dada. Afadhali ningekuwa nayo, ningejua la kukwambia.

Kwa ufupi ni hivi. Kuna kitu chako nimekitoa kwa watu bila ruhusa yako. Jumamosi ya wiki ijayo watu hao walipanga kukipeleka kwa wachapishaji wa santuri, kiuzwe kwa jina la mtu mwingine. Ningenyamaza, usingekipata tena. Nikisema, itabidi niseme na jingine nililolificha tangu nina miaka kumi, na hilo ndilo linalonizungusha humu chumbani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kwa hiyo nivumilie nianze mwanzo, usirukie mwisho wa barua kama unavyorukia mwisho wa vitabu.

Unajua kwamba nasaga lenzi kwenye duka la miwani. Mwenye duka tunamwita Mzee Lenzi, mtu mpole, msafi, anayepangusa meza ambayo nimetoka kuipangusa mimi. Mwaka wa kwanza wote nilidhani hana kasoro. Kumbe ana ugonjwa, na ugonjwa wenyewe unaitwa Tetere. Ni mwanamke aliyekuwa akiimba na gitaa lake zamani, akatoa albamu nne ambazo karibu hakuna aliyezinunua, kisha akanyamaza. Tetere ni jina walilompa wasikilizaji wake kwa sababu sauti yake ni ya chini, inatokea kifuani kama ya njiwa. Wasikilizaji hao ni tisa. Hukutana kila Jumamosi chumba cha nyuma cha duka letu, kati ya maboksi ya fremu, wakasikiliza wakiwa wamefumba macho. Mmoja ni nesi, mmoja mwalimu wa hesabu, mmoja anauza nyama. Wanabishana mpaka mishipa ya shingo inatoka.

Nilianza kusikiliza kwa sababu nilichoka kufukuzwa chumba cha nyuma kila Jumamosi. Mzee Lenzi akanipa sharti: albamu moja kwa wiki, kwa mpangilio zilivyotoka, hakuna kuruka. Nikamwambia hii ni dawa au muziki? Akasema ukiruka hutaelewa.

Ya kwanza ni yeye na gitaa na kitu kinacholia kwa chini, kii, kii. Wasikilizaji wana miaka kumi na moja wanabishana kama ni kiti au ni kitanda. Sikuona kitu humo. Ya pili waliompa pesa walimwekea matarumbeta na ngoma, yeye mwenyewe humsikii, ni kama mtu anayeita kutoka ndani ya kabati. Mzee Lenzi huwa anatoka nje ikipigwa. Nikataka kuacha, lakini wewe unanijua, nikianza kitu kibaya ndiyo kabisa siachi.

Ya tatu ndiyo iliyonivuruga. Inasemekana alirekodi siku moja, asubuhi mpaka jioni. Anaimba mambo ya kawaida, bati linalovuja, kifungo kilichopotea, jirani asiyezima redio. Kwenye wimbo wa nne anakosea, anacheka kidogo puani, anaanza tena. Kicheko kile kilinikaa. Nikawa nasaga lenzi nakisikia. Wiki ile niliharibu lenzi sita, za mteja mmoja mara mbili. Ya nne walitoa nakala mia mbili tu, ni nyimbo fupi fupi, nyingine haifiki dakika. Nilikuwa naisikiliza na huku naudhika, naamka, nakaa, nafungua dirisha, nafunga. Nilijua anafanana na mtu na sikutaka kumjua mtu huyo ni nani.

Ni wewe, dada. Kile kicheko cha puani ni chako. Sauti ya chini ni yako, ile uliyokuwa unaimba nayo chumbani kwetu na gitaa la kuazima la mwalimu, ulipokuwa na miaka kumi na saba.

Ndipo nikaenda kufungua redio ya baba. Unaikumbuka, ile ya kanda, uliyokuwa unajirekodia. Iliharibika na kanda yako ikiwa tumboni mwake, baba akaiweka kwenye sanduku lake la vifaa akisema ataitengeneza, na tulipouza nyumba sanduku likaja kwangu. Nikaifungua kwa bisibisi ya miwani. Kanda ilikuwa nzima. Sina cha kuipigia, nikaenda nayo kazini, nikaiweka kwenye mashine ya Mzee Lenzi alipokuwa ametoka kwenda kula.

Nyimbo tisa. Nilikuwa nimesahau kwamba zilikuwa tisa. Nilikaa chini sakafuni na aproni yangu ya kazi nikalia kwa kwikwi. Mzee Lenzi alirudi nikiwa kwenye wimbo wa mwisho. Nikazima haraka kabla haujaisha, kwa sababu nitakayoieleza. Alikuwa amesimama mlangoni, mfuko wa chakula mkononi, uso umempauka. Akaniuliza kwa sauti ya kunong'ona nimeipata wapi. Nikasema kwenye sanduku la zamani. Akasema, "Hii ni ya tano."

Dada, pale ndipo ningesema. Ningesema hapana mzee, huyo ni dada yangu, ana watoto watatu na anauza vitambaa vya mapazia. Sikusema. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ananitazama kana kwamba nimefanya jambo kubwa maishani. Kimya kile kimoja kikanizalia uongo saba. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa na wiki tano, na kila Jumamosi watu tisa walinisogezea kiti. Yule nesi alisema wimbo wako wa tatu umemfanya ampigie simu mama yake. Mwalimu wa hesabu, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu, alikubali kwamba hii ni bora kuliko zote nne.

Kisha wakaamua ichapishwe, na Mzee Lenzi akasema haifai kufanya hivyo bila idhini ya mwenyewe. Alimtafuta mpaka akampata. Tetere yu hai. Ni fundi magodoro, anaishi vyumba viwili nyuma ya karakana, mama mwenye miaka sabini na kitu, ana nyuzi za pamba kwenye nywele. Tulikwenda wawili, mimi na Mzee Lenzi, naye njia nzima alikuwa akirekebisha kola. Tulimwamkia, akatukalisha juu ya godoro lisiloshonwa bado. Mzee Lenzi alimuuliza kile kinacholia kwenye albamu ya kwanza ni kiti au kitanda. Akasema hakumbuki kiti wala kitanda, anakumbuka alikuwa na njaa.

Tukampigia kanda. Alisikiliza na sindano ikiwa mkononi, hakushona. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulipofika wa mwisho akaweka sindano chini.

"Huyu si mimi," akasema. "Mimi sikuwahi kuimba vizuri hivi."

Mzee Lenzi alimweleza kwa upole kwamba miaka ni mingi, mtu husahau. Yule mama akacheka, kicheko kile kile, akasema jina lake anaweza kulisahau, sauti yake hapana. Tena akasema mwimbaji huyo hakumaliza, wimbo hauishii pale, kuna mtu kamkatiza. Akauliza ni nani. Aliuliza huku ananitazama mimi. Tulipokuwa tunaondoka alinishika kiwiko akaniuliza kama ninamjua mwenye sauti. Nikatikisa kichwa. Nilikukana mchana kweupe, dada, mbele ya mtu pekee aliyekuwa akikuulizia.

Unadhani wasikilizaji walimwamini? Walisema ni unyenyekevu. Walisema hivyo ndivyo alivyo Tetere, hujikana mwenyewe, sikiliza albamu ya pili utaona. Wanamjua Tetere kuliko Tetere. Wakapanga Jumamosi. Tangu siku hiyo sikai mahali. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka, nikitoka nakumbuka nimeacha mlango wazi.

Sasa nakuja kwenye lile jambo. Nimechemsha maji mara mbili ili nisilifikie.

Wimbo wako wa mwisho unakatika kwa sababu mimi nilikata utepe. Siku ile ile Mzee Lenzi alipoisikia, kabla hatujafunga duka, niliuvuta nje nikaukata kwa mkasi tunaokatia vitambaa vya kufutia miwani. Kipande chenyewe ni kirefu kama kimo changu. Mwanzo wake unasikika mlango, halafu sauti ya mtoto inasema, "Dada, baba amesema unyamaze, unampigia kelele."

Mtoto huyo ni mimi. Na baba hakusema.

Wewe hukuwa unaona, pazia lako lilikuwa limefungwa. Baba alikuwa akirudi kutoka kwenye pampu zake za maji, anakaa kwenye ngazi chini ya dirisha lako na viatu vyake vya matope, havui, haingii, mpaka umalize. Kila jioni. Siku ile nilikuwa nimeshika namba moja darasani, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu, unajua mwenyewe. Nilimkimbilia na karatasi. Akaniwekea kidole mdomoni, nisikilize kwanza. Nikasimama pale na namba moja yangu mkononi, hakuna wa kuitazama. Nikazunguka ndani nikakwambia nilichokwambia. Nilitaka unyamaze dakika tano tu.

Kesho yake ulirudisha gitaa. Nikasema moyoni nitamwambia, kesho, keshokutwa. Nikakuona unamwekea baba chakula bila kumtazama. Nikakuona unaondoka mwaka ule kwenda kuanza kazi mbali, umemuaga kwa mkono. Siku ya mazishi yake ulisimama nyuma ya watu wote, na shangazi akasema moyo wako mgumu, nami nilikuwa karibu yake na nikainamisha kichwa. Miaka ishirini na miwili umekuwa na kinyongo na mtu asiyekukosea. Mkosaji alikuwa anakula sahani moja na wewe.

Sikukata utepe kwa ajili ya Tetere, basi. Nilikata ili nisijisikie.

Jana niliuunga tena kwa gundi nyembamba, ukashika. Leo asubuhi nikampigia Mzee Lenzi kanda nzima mpaka mwisho, nikamwambia huyo ni nani na mtoto ni nani. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama uko hai, na kama unajua. Jumamosi nitawaambia wale wengine mwenyewe, na kiti changu nadhani watakirudisha kwenye maboksi. Hawana cha kuchapisha, maana kanda nimeichukua. Imo kwenye bahasha hii, ndani ya kitambaa cha kufutia miwani. Hakuna nakala. Ukitaka kuichoma, ni yako. Ukitaka kumwendea yule mama, anwani nimeiandika nyuma ya karatasi. Siku ile nilipotikisa kichwa hakuniamini, aliniambia nimlete mwenye sauti, hata kama haimbi tena.

Sikuombi msamaha kwa barua, ni rahisi mno. Ukiniita nitakuja, nisimame mbele yako. Usiponiita nitajua kwa nini.

Lakini kuna jambo moja siwezi kungoja uniite ndipo nilifikishe. Ulipotoka chumbani siku ile uliacha redio inarekodi. Ongeza sauti mpaka mwisho, sogeza sikio. Utasikia dirishani baba ananiuliza mbona amenyamaza. Utanisikia nikimjibu umechoka. Kisha anasema neno ambalo alinituma nikuletee, sikulileta, na nadhani kila jioni aliyokaa pale ngazini baadaye, kimya, alidhani limekufika na wewe hutaki.

Wasalimie wote nyumbani. Shemeji asikuache peke yako siku utakapoisikiliza.

Baba amesema, ukishapumzika, uanzie pale pale ulipoachia.

Ni mimi,
mdogo wako