Mchi Nilioondoka Nao

Pangani, Kibaha

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Zaina, usiendelee kusoma mpaka mama mkwe wako aitikie. Akinuna, kaa hapohapo na karatasi mkononi. Ataitikia tu, namjua.

Haya. U hali gani? Lile goti linakunja sasa? Kile kikohozi je? Mimi nakula, nalala. Miguu ndiyo bado inavimba, na kliniki wamesema dawa hizi sitaziacha. Nakuandikia kwa sababu simu unanikatia. Mara nne, dada! Nasema "haloo," kap! Karatasi haikatwi hivyo. Labda uichane, na hapo Zaina atakuwa ameshasoma. Anayeandika ni mjukuu wetu Rehema. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kunipambia maneno.

Maisha ya hapa ni hivi. Mwanangu Mwajuma anatoka alfajiri kwenda ofisini Dar, anarudi nimeshaswali isha. Nyumba nzuri, marumaru mpaka chooni, ukuta umezunguka, geti limefungwa. Jirani simjui sura, namjua kwa honi ya gari lake. Mchana kutwa nakaa na televisheni. Yule msichana wa taarifa ya habari akisema "hamjambo," naitikia "hatujambo." Juzi nikajishika mdomo. Hatujambo, mimi na nani?

Rehema ni fundi simu, ana kibanda Maili Moja. Jumapili hafungui, anashinda nyumbani anachomelea nyaya, sebule nzima inanuka risasi iliyoyeyuka. Amechukua kontena la plastiki la kuwekea chakula, akalitoboa. Humo katia kioo kidogo, betri ya simu, spika ya redio mbovu, na vitufe alivyovibandua kwenye rimoti ya mama yake. Mwajuma bado anaitafuta hiyo rimoti. Rehema hataki kuliandika hili, nimemwambia aandike.

Nikamuuliza, "Mdudu gani huyo?"

"Kisanduku cha kutengenezea muziki, Bibi. Unatembea nacho popote. Unarekodi sauti yoyote, unaipanga humu, kinapiga."

"Hata ya mbuzi?"

"Hata ya mbuzi."

Dada, mimi na wewe hatukugusa chaki, lakini kile kioo nilikielewa. Mistari inashuka, mmoja baada ya mwingine. Mstari uliotiwa sauti, ukifika zamu yake unalia. Ambao hukutia kitu unapita kimya. Nikamwambia, hili si shamba tu? Hapa umepanda, hapa umeruka. Akacheka akasema kuna wenzake wamesoma na hawajaelewa mpaka leo.

Akataka sauti ya kinu. Nikatoa mchi wangu nyuma ya mlango, nikaweka mpunga kidogo kwenye kinu cha Mwajuma cha kutwangia kisamvu, nikatwanga pale uani. Tu. Nikainua. Tu. Nikainua.

"Bibi, mbona unachelewa? Twanga mfululizo."

"Sichelewi. Namsubiri dada."

Wallahi lilinitoka hivyo. Mkono wangu hauwezi, Mwanahawa. Toka tumevunja ungo tunatwanga kinu kimoja, wangu ukipanda wako unashuka. Mkono ukishapiga unakuachia nafasi wenyewe. Jirani akachungulia juu ya ukuta, ndiyo mara ya kwanza kumwona, ana upara. "Bibi, mashine ya kukoboa ipo hapo barabarani!" Nikamwambia, "Mashine itanisalimia?" Akashuka.

Jumapili iliyofuata Rehema akaniita. "Kimekamilika. Sikiliza, nimekujazia pale palipokuwa patupu." Akabonyeza. Tu-tu, tu-tu, tu-tu. Watu wawili wanatwanga.

Nikauliza, "Huyo wa pili nani?"

"Ni wewe, Bibi. Nimechukua pigo lako, nikalirudia."

Dada, nililia. Wewe hutwangi vile. Wewe unatwanga kwa kushoto, na kila baada ya mapigo kadhaa unagonga mdomo wa kinu, ka! kunichokoza. Yule mle ndani alikuwa mimi, najijibu mwenyewe, kama ninavyojijibu kwenye hii nyumba kutwa. Nikamwambia Rehema amtoe. Akanionyesha kitufe cha kufutia. Nikamfuta mwenyewe, mstari kwa mstari, mpaka nikabaki na tu yangu na kimya chako.

Rehema akauliza, "Kwa nini Bibi Mwanahawa asije akatwanga yeye? Au mmegombana?"

Hapo ndipo nikamwambia jambo ambalo wewe unalijua na hujawahi kunitamkia. Siku naondoka Kibuta nilikwambia nakwenda mwezi mmoja, nikatibiwe miguu, nirudi. Ukanifungashia korosho. Ukaja mpaka kwenye gari. Ukauona mchi wangu umelala chini ya kiti, nimeuvingirishia kanga. Mtu wa mwezi mmoja habebi mchi. Uliuona, nikaona umeuona, ukaufunga mlango wa gari taratibu.

Nilikudanganya. Tulishakubaliana na Mwajuma kwamba nahamia. Niliogopa ukilia nitashuka kwenye gari, na nikishuka miguu hii ingeniua. Mwaka umepita na zaidi. Sasa nasema wazi, Zaina soma polepole: sirudi kuishi Kibuta. Si kwamba wananizuia. Nilikubali mwenyewe, nikakuacha na shamba na ile nyumba na kinu.

Jumamosi ijayo nakuja na Rehema, na kisanduku chake. Nitakaa siku tatu, dawa nabeba. Ukitaka kunitukana, nitukane mlangoni, nimesimama, nakusikia. Ukiona huwezi kunitazama, nitalala kwa Zaina, sitanung'unika. Ila huyu mtoto mtwangie. Hana kosa. Mtwangie hata kwa hasira, itakuwa ni wewe, nami nitarudi na sauti hiyo huku Kibaha, nikusikie mchana.

Nisalimie mwanao Shabani, mwambie aache kuchoma mkaa karibu na mikorosho. Shemeji yangu mzee, kaka wa marehemu mume wangu, mpe shikamoo zangu. Yule shoga yako wa kisimani anayesema nimekuwa mtu wa mjini, mwambie bado nakula ugali wa muhogo kwa mkono. Zaina, ahsante kwa kusoma, na Mungu akutunzie macho.

Ni mimi mdogo wako, Tatu, ambaye sina uongo mwingine wa kukuficha.