Sori ya Gakii

Jumamosi, 4 Oktoba
Sare, bao moja kwa moja. Wasichana wa timu ya Stafford wameingizwa kwenye ligi ya wavulana hapa Marekani mwaka huu na wanatutesa. Gakii wao alitufunga mapema. Miaka kumi na moja tu! Kabla ya mechi baba yake alipiga magoti kwenye nyasi, akamfunga kamba za viatu, mafundo mawili. Niligeuza uso. Hivyo ndivyo mume wangu Kiplagat alivyomfunga mwanetu Sheldon kamba kila Jumamosi, hadi alipofariki Machi. Sasa Sheldon anajifunga mwenyewe.

Karibu na mwisho Sheldon alianguka ndani ya boksi. Gakii, nyuma yake, akasema, "Sori!" Refa akapuliza — penalti, kadi nyekundu. Baba Gakii akauliza kosa ni lipi. Refa akasema msichana amekiri mwenyewe.

Sheldon akafunga. Nilishangilia kuliko wote.

Jumapili, 5 Oktoba
Sisi wa Kenya, mtu akijikwaa tunamwambia sori. Ni pole tu, hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Kule hospitalini nilimwambia Kiplagat sori kila alipokohoa, mpaka nesi Mmarekani akaniuliza nimemfanyia nini. Kiplagat alicheka hadi mashine ikalia.

Nilikuwa nimekaa karibu na goli. Sheldon alikanyaga kamba yake mwenyewe. Gakii hakumgusa.

Kanisani sikumwambia kitu Lydiah, mama Gakii. Mumewe alikuwa amembebea mkoba.

Jumatano, 8 Oktoba
Lydiah alinipata kazini tukibadilishana zamu. Akasema huyo refa akitembea Meru siku ya soko, atawapa watu mia kadi nyekundu. Nikacheka. Kisha akauliza, "Mama Sheldon, wewe ulikuwa pale golini. Uliona nini?"

Nikasema jua lilinipiga machoni.

Ligi inataka shahidi wa upande wetu kabla ya Ijumaa. Bila hivyo Gakii hachezi marudiano, na atakayeshinda ndiye anakwenda fainali Dallas. "Baba yake hata kula hali," Lydiah akasema. Moyoni nikasema: angalau yupo wa kukataa chakula. Naona aibu kuandika hivyo. Nimeandika.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kiplagat alimwahidi Sheldon Dallas. Bila Gakii, tutafika.

Jioni nilimuuliza Sheldon aliangukaje. Akajibu kwa Kiingereza kwamba refa ndiye aliyeamua, si yeye. Akaondoka. Akarudi na kiatu. Anataka fundo la baba.

La kwanza nimefunga. La pili sijui linapitia wapi. Sikuwahi kuitazama mikono ya Kiplagat akifunga, nilikuwa natazama uso. Sheldon anasema Gakii analijua. Gakii alimwonyesha jana kwenye basi la shule, lakini yeye amesahau.

Simu inalia mezani. Lydiah, na leo ndiyo siku ya mwisho ya ushahidi. Kiatu kiko mapajani, Sheldon amesimama hapa ananitazama, na kamba nimeishika kwa mikono yote miwili.