Mfuko Namba Kumi na Saba

Baba Somoe, mume wangu,

Naandika nikiwa jikoni, kwenye kigoda chako ulichonikataza nisikikalie. Leo nimekikalia. Ulisema mguu wake uliolegea utautengeneza kesho, na kesho yenyewe mpaka leo haijafika. Tangu tukuzike huu ni mwaka wa tatu, na kuna jambo nililokuficha tangu Somoe akiwa tumboni. Mwezi uliopita nililisema mbele ya kata nzima. Si haki Nkowe yote ijue halafu wewe usijue.

Unawakumbuka watafiti? Profesa mwenye kofia pana, na yule binti tuliyemwita Dokta hata kabla hajawa daktari. Walikuja na mashine ya kupima umeme wa ardhini, nyaya zake ndefu kama kamba za kuanikia nguo. Walitaka njia nafuu ya kujua wapi pana kinywe, yale madini meusi yanayopaka vidole kama penseli, bila kutoboatoboa mashamba ya watu. Wewe walikuajiri ubebe betri. Siku ya pili ukaitua.

"Jamani, mbona mnaihoji ardhi kwa waya?" ukawaambia. "Mchwa anashuka chini kabisa kutafuta maji, na akirudi harudi mikono mitupu. Pimeni udongo wa vichuguu."

Profesa akacheka. Dokta hakucheka, aliandika. Kesho yake wakakubaliana wajaribu njia zote mbili, mashine na mchwa, waone kama zinasema kitu kimoja. Dokta akakwambia, "Mzee, wewe si kibarua tena. Wewe ni mshirika wa utafiti."

Lo, neno lile! Ulilivaa kama kanzu ya Idi. Baada ya swala ya Ijumaa ukajitambulisha upya kwa watu waliokufahamu tangu unatambaa. Siku ya kupulizia mikorosho ukasema mshirika ana kikao, ikabidi kaka yangu atoke Mtua kuja kupuliza. Hata nilipokutuma ukafungie kuku ulinijibu kwamba hilo suala litajadiliwa.

Mlizunguka kwa baiskeli, Nkowe hadi Matambarale, mkachota vichuguu arobaini, kila kimoja na mfuko wake wa kitambaa na namba yake. Mifuko ilitakiwa ikae kwetu wiki moja hadi gari litoke Nachingwea kuichukua. Ukaipanga chumbani, kando ya kitanda. Sasa kumbuka, mume wangu, wiki hiyohiyo ulikuwa umenipeleka kliniki. Nesi alisema damu yangu ni ndogo, niache kula udongo, na wewe ukamwapia kwamba hata punje haitagusa ulimi wangu. Ukawa unanipekua hadi pindo la khanga. Kisha ukaniwekea vichuguu arobaini karibu na mto wangu, ukasema, "Mke wangu, nakuamini. Vilinde." Fisi akakabidhiwa bucha, na nyama imeandikwa namba.

Siku mbili nilijikaza. Siku ya tatu nikafungua mfuko mmoja, ninuse tu. Ulikuwa namba kumi na saba. Unanukia mvua ya kwanza, ile inayopiga vumbi kabla haijalowesha kitu. Nikasema nionje kwa ncha ya kidole. Halafu nikasema kidole kingine kisione wivu. Kufika Ijumaa mfuko umenywea, nami nina tope kwenye meno na hofu kifuani. Nikachukua jembe, nikaja hapa nyuma ya jiko, kwenye kichuguu ninachoanikia sufuria, nikachota, nikaujaza, nikafunga fundo kama lako. Udongo ni udongo, nilijiambia. Nani angejua?

Majibu yakaja. Mifuko thelathini na tisa ilisema sawasawa na mashine. Mmoja ukasema kuna kinywe mahali ambapo mashine ilisema hakuna kitu. Namba yake unaijua. Ulirukaruka! "Mchwa wameishinda mashine!" Ukamchinja jogoo mwekundu, ambaye alikuwa wangu, tena hukuniuliza. Mkaenda kuchimba shimo pale kwenye kichuguu namba kumi na saba, njia ya Matambarale, siku nne, na watu wamejaa kama kwenye mpira. Likatoka jiwe. Likatoka jiwe lingine. Akatoka panya, naye alionekana kuwashangaa ninyi.

Profesa akafunga daftari. "Kama mfuko mmoja umedanganya," alisema, "nitaiaminije ile mingine?" Akaamuru vichuguu vyote viondolewe kwenye ripoti. Mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Mchwa waongo kama bwana wao!" Watu wakaangua kicheko, na siku hiyo ukazaliwa upya kwa jina la Bwana Mchwa.

Uliporudi nilikuwa nimeazimia kukuambia. Nikakutilia maji ya kuoga, nikafungua mdomo. Ukasema, "Nimechoka, mke wangu," nikaufunga. Ukakaa kwenye kigoda hiki ukitazama nje muda mrefu.

Wiki iliyofuata ukanishangaza. Ulirudi na baiskeli yako, ukaniwekea mkononi kifurushi cha gazeti. "Nimekununulia udongo, mnadani Nachingwea," ulisema. "Kidogo kidogo, na nesi asijue." Wewe, mwenye kiapo! Nikashangaa pia kwamba udongo wa mnadani huwa umechomwa, vipande vimenyooka kama chaki, lakini wako ulikuwa mbichi, una vijimizizi vya nyasi. Nikajisemea labda muuzaji ni mgeni kwenye kazi. Mwenye hamu haulizi maswali. Ukaniletea tena na tena mpaka Somoe alipozaliwa.

Miaka ikaenda. Watoto walikuita Bwana Mchwa na wewe ukaitika, ukacheka nao. Mimi niliona mengine. Tangu wiki ile ya shimo, ukienda Matambarale ulizunguka njia ndefu, nikadhani hutaki kupita penye shimo. Na neno mshirika hukulitamka tena, hata kwa utani. Hilo liliniuma kuliko yote, na bado nilinyamaza. Niliogopa kuchekwa, mume wangu. Nakuomba radhi.

Basi mwezi uliopita Dokta amerudi. Sasa ni mkuu wa msafara, na miwani juu. Akaitisha mkutano kwenye ofisi ya kata, akasema anataka kuvijaribu vichuguu upya, kwa sababu ile mifuko thelathini na tisa haijamwacha akapumzika. Mzee mmoja akasimama. "Dokta, mambo ya Bwana Mchwa tuyaache, bwana. Tulishacheka yakatosha." Watu wakacheka tena, yaani hayajatosha. Somoe alikuwa kando yangu, yuko kidato cha pili sasa, urefu wako mtupu. Nikamwona ameinamisha kichwa, anachezea kifungo cha shati. Nikajikuta nimesimama.

"Mchwa hawakusema uongo," nikasema. "Namba kumi na saba niliila mimi."

Dokta akashusha miwani. "Uliila nini, mama?"

"Kichuguu."

"Chote?"

"Mfuko tu. Chenyewe kipo, nendeni mkakisalimie. Nilikuwa na mimba ya huyu hapa. Nikajazia udongo wa nyuma ya jiko langu."

Baba Somoe, sijawahi kusikia kata ikicheka vile. Yule mzee alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Wanawake watatu wakanyoosha mikono kusema hata wao wangeula. Somoe akaninong'oneza, "Mama, umenichoresha," lakini kichwa alikuwa amekiinua. Na Dokta alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akauliza polepole, "Nyuma ya jiko lako?"

Wakaja. Wakatandaza nyaya zao kati ya sufuria zangu, wakachota na kichuguu. Mashine ikasema kuna kinywe. Mchwa wakasema kuna kinywe. Dokta ameniambia utafiti si uchimbaji, jiko langu liko salama, na amenisainia karatasi kabisa maana nilimdai. Ameweka na utaratibu mpya: kila kichuguu mifuko miwili, ihifadhiwe nyumba mbili tofauti, na nyumba hizo zisiwe na mjamzito. Ameusoma mbele ya watu bila kutabasamu. Vichuguu vinaingia kwenye ripoti, na jina lako limeandikwa mwanzoni, herufi zote, na mbele yake neno mshirika.

Ningeishia hapo. Lakini juzi tulikwenda pia kwenye namba kumi na saba yenyewe. Dokta alipokuwa anachota, nikamwomba punje. "Kwa ajili ya sayansi," nikamwambia. Nikaiweka ulimini, nikaijua. Ulikuwa ni ule wa kwenye gazeti. Mvua ya kwanza, na vijimizizi vyake.

Hukwenda mnadani hata siku moja. Ulikuwa unapita njia ndefu ili watu wasikuone ukichota. Na leo nimekaa kwenye kigoda chako, nimetazama ulikokuwa unatazama siku ile: kichuguu cha nyuma ya jiko kinaonekana chote. Pengo la jembe langu lilikuwa mbele ya macho yako.

Ulijua. Ungesema neno moja tu, "Mke wangu ameula," mchwa wako wangeaminika na wewe ungebaki mshirika. Ukaacha wakuite Bwana Mchwa maisha yako yote, ili mimi nisiitwe Mama Mchwa hata siku moja.

Sasa wananiita. Naitika.

Pumzika, mshirika wangu. Kigoda nitakitengeneza mwenyewe.

Mkeo,
Mama Somoe