Siku Wageni Walipouliza

Kasongo

Dada Victorine mpenzi,

Mama anakusalimia. Mihogo tuliyopanda pamoja nyuma ya nyumba ulipokuwa ukiishi kwetu imeota vizuri.

Juma lililopita wageni walikuja shuleni kutufundisha juu ya afya ya akili ya vijana. Tulifagia uwanja tangu asubuhi. Mmoja wao akauliza, "Je, kuna mwanafunzi anayeteseka moyoni?"

Prefe, mkuu wa shule yetu, akajibu haraka: "Hapa kwetu watoto wote wako sawa."

Watu wakapiga makofi. Ni prefe huyo huyo aliyekurudisha Kabambare kwa bibi yako, eti unapiga kelele mlango ukifungwa, eti unaharibu darasa. Hakukuuliza hata siku moja uliona nini kijiji chenu kilipochomwa.

Nikasimama. "Alikuwepo mmoja, mulimufukuza."

Hakuna aliyepiga makofi. Sasa Baba ameitwa shuleni, na tangu jana hasemi nami.

Lakini Glody, yule wa darasani aliyekuita Mashetani, alinifuata njiani.

"Weye Laura, uko na kichwa nguvu!" akacheka. Kisha akaangalia nyuma kama kuna mtu. "Mie, tangu kaka yangu afie mu shimo ya dhahabu kule Lusangi, nalia mu choo. Victorine alikuwa analia mbele ya watu. Atarudi?"

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Dada, mahali pako karibu na mlango hapajakaliwa na mtu. Nimjibu nini?

Mdogo wako anayekungoja,
Laura