Kalipa Nyekundu za Datsun Yangu

Jumamosi, 3 Agosti 1996

Nimerudi kutoka sokoni nikakuta gari langu limeinuliwa juu ya mawe, magurudumu ya mbele yamelazwa chini, na mume wangu Wathome yuko uvunguni anapiga mluzi. Nikauliza kulikoni. Anapaka rangi kalipa! Kalipa ni vile vyuma vinavyobana diski, ile sahani ya chuma ya gurudumu, ili gari lisimame – nami nimejua leo. Nani aliwahi kuangalia kalipa za mtu? Anasema wenye magari ya maana huzipaka nyekundu. Ameona picha kwenye gazeti la mzungu aliyekuja karakanani kwao Pumwani kununua twiga anaowachonga.

Gari langu. Nililinunua mwaka huu kwa mkopo wa ushirika wa ofisini, na jina kwenye logibuku, kile kitabu cha umiliki, ni langu, Nzilani. Lakini mtaa mzima wa Fedha unaliita gari la Baba Muthoki, naye hajawahi kumsahihisha mtu.

Na Jumamosi ijayo tunatakiwa kwa mama yangu, Tala. Mama amealika mchungaji na akina mama wenzake wa kanisa waje kuliombea. Mama aliyenisomesha kwa kusuka vyondo mpaka vidole vikapinda. Aliniambia neno moja tu: anataka kuniona nikishuka upande wa usukani. Leseni nimepata juzi Juni. Wathome alikubali mbele yake. Tutaona.

Jumapili, 4 Agosti

Kanisani kwa miguu, mimi na binti yetu Muthoki. Baba mtu amebaki "kulinda vyuma."

Tumerudi tukamkuta anaosha kalipa kwa mafuta ya taa ndani ya karai langu la kufulia. La nguo za mtoto! Nikamwambia. Akaniambia karai ni karai. Sikula naye.

Jumatano, 7 Agosti

Ametoka kazini mapema, eti apake mkono wa mwisho. Kalipa zinaning'inia kwa waya mahali pa magurudumu, nyekundu kama nyanya. Ili rangi ishike, amechukua jiko langu la makaa akalisogeza karibu nazo. Muthokoi wetu wa mahindi na maharage uliokuwa unachemka juu yake ameuweka chini, kwenye vumbi, bila kifuniko. Tumekula saa tatu, na ulikuwa na ladha ya thina ya kuchanganyia rangi. Muthoki amekataa kabisa.

Bwire wa nyumba ya pili, dereva wa lori, alipita kuangalia. Alisema rangi ni sawa ikikaa kwenye kalipa, lakini diski isiguswe na kitu chochote chenye mafuta, breki haitashika. Wathome akacheka. Akasema yeye amepaka vitu tangu akiwa mtoto huko Wamunyu kwa wachonga vinyago, hafundishwi na mtu wa lori.

Mgala muue na haki yake mpe – kazi ni safi. Hakuna tone lililochuruzika.

Ijumaa, 9 Agosti

Magurudumu yamerudi. Nikazunguka gari, nikachuchumaa. Sioni kitu! Vifuniko vya rimu vimefunika kila kitu. Wiki nzima nimepanda basi, karai limeharibika, jiko limechafuka, kwa ajili ya rangi ambayo hata Mungu lazima ainame ndipo aione.

Akaving'oa vifuniko. Sasa ukichungulia kwenye vitundu vya rimu unaona wekundu kidogo, na gari lote linafanana na mtu aliyeng'oka meno. Amefurahi. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, nikadhani ni grisi.

Usiku akaanza polepole. "Mama Muthoki, kesho utaendesha mpaka Tala sokoni. Pale tutabadilishana."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mkwe hawezi kufika akiendeshwa na mke. Wazee wataniona vipi?"

Nikamkumbusha alivyomwahidi Mama. Akasema aliahidi kwamba nitaendesha, hakusema mpaka wapi. Hayo ni maneno ya mtu mzima mwenye ndevu! Nimefunga funguo kwenye pindo la leso na leso iko kiunoni.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika nikiwa ndani ya gari, kando ya Barabara ya Kangundo, tumepita Njiru kidogo. Muthoki tulimwacha kwa mke wa Bwire. Nashukuru.

Tangu tutoke nyumbani breki zilikuwa hazinipendezi. Nakanyaga, gari linafikiria kwanza. Nilimwambia Wathome. "Kanyaga kama mtu mzima," akasema. Baadaye akasema wanawake wana miguu ya woga. Nikakanyaga kama mtu mzima.

Kwenye mteremko nikaona polisi wameweka kizuizi cha misumari mbele. Nikakanyaga. Hakuna. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Gari linakwenda tu! Nikarudisha gia, nikavuta breki ya mkono mpaka bega likalia, nikaingia kwenye nyasi. Tumesimama, misumari tunaiona. Wathome alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, anamwita Yesu kwa Kikamba.

Kisha moshi, magurudumu yote mawili ya mbele. Na harufu. Harufu hiyo naijua, imekaa kwenye mashati yake tangu anioe – rangi ya viatu! Ndiyo anayowapaka twiga wake wa mjakaranda, anawasugua kwa kitambaa mpaka mnunuzi anaapa ni mpingo.

"Umepaka nini kwenye kalipa?"

"Nilizing'arisha tu. Kazi isiyong'arishwa haijaisha."

"Na diski?"

"Ilikuwa na kutu, mama."

Diski! Bwire alimwambia kwa kinywa chake! Angetuua, kisha angewaambia watu matangani kwamba mwanamke hajui kukanyaga breki.

Polisi mmoja amekuja na fimbo yake. Hakuniangalia mimi niliye kwenye usukani, alimwendea Wathome aliyekuwa ameshatoka nje.

"Mzee, gari hii ni ya nani?"

Wathome hakufikiri hata kidogo.

"Ni ya huyu mama, afande. Kila kitu ni jina lake."

Miezi yote hii nimengoja maneno hayo kinywani mwake. Nimeyapata leo, gari likifuka moshi.

Afande amesema tusitoke hapa mpaka vyuma vipoe, ndipo aangalie. Kule Tala sasa hivi Mama atakuwa amevaa gauni la Umoja wa Akina Mama, amesimama langoni. Sijui nitafikaje. Lakini nikifika, nitashukia upande wangu.

Wathome amejitenga, amesimama mbele ya bango la kanisa anasoma kwa makini, mtu ambaye hata Biblia humfungulia mimi. Afande ameinama kwenye gurudumu la kushoto. Ananusa. Ananusa tena. Amekuja dirishani kwangu, na safari hii ameniamkia vizuri. Anataka nimwambie fundi aliyeshika breki hizi ni nani.

Wathome ameacha kusoma.