Pikapu Niliyomuuzia Shemeji

Jumanne, Mjimwema.

Nimesema uongo, na ameuamini mara moja.

Shemeji Haule, mume wa dada yangu Matilda, amekatwa mguu. Jana alikuwa anatoka Nakapanya na magunia ya korosho, akataka kulipita lori. Alikanyaga mafuta hadi mwisho, pikapu ikazubaa, gia ikachelewa kuingia. Basi lililokuwa linakuja mbele likamgonga.

Pikapu hiyo nilimuuzia mimi. Fundi alikwishaniambia giaboksi inakufa. Haule nilimpa aijaribu kwenye barabara ya tambarare tu, bila mzigo.

Leo wodini ameniuliza, "Shemeji, hili gari liliwahi kukufanyia hivi?"

"Hata siku moja," nikamjibu.

Akafumba macho. "Basi nimekosea mimi. Sijazoea haya magari ya kompyuta, yanayoingiza gia yenyewe."

Matilda akamgeukia mbele ya wagonjwa wote. "Nilikwambia wewe si dereva! Sasa nani atalima?"

Haule akamwomba msamaha. Akaniomba na mimi, kwa kuliharibu gari nililolipenda.

Nikamwambia asijali. Kisha nikamshika dada mkono, nikamsihi amsamehe mumewe.