Kibao ya Maziwa Yenye Kufukuza Watu

Mupendwa Koko Dorothée, naomba unisaidie maana nimeshindwa, mimi ni Straton wa Mushaki, Papa yangu alinipatia ngombe zake ine niuzishe maziwa pembeni ya barabara, na nikachora kibao mimi mwenyewe juma nzima, nikaandika MAZIWA na herufi nyeusi zenye kusimama wima, ndani ya pembe tatu nyekundu, nilizifuatisha kwa kibao ya munganga wa ngombe, ile walisimamisha njia ya Muheto wakati wa ugonjwa, sababu sijaona maandiko mazuri kuipita, na tangu siku ile watu wakifika karibu wanavuka ngambo, wamama wanashika watoto mukono, na Papa anasema nikiendelea kumwagia mbwa maziwa mpaka Pasaka atarudisha ngombe zake, na sina kazi ingine, je, watu wananichukia ao wameniroga?

*Straton, mwaka muzima unapita mbele ya nyumba yangu hauingii, leo unakumbuka niko hai sababu ya kibao. Sawa.*

Hakuna mwenye kukuroga. Mimi sikusoma; mujukuu wangu Thacienne njo ananisomea na kuniandikia. Lakini kibao yako niliiona nikienda soko. Nikasema, "Turudi nyuma, ngombe za hapa ziko na ugonjwa." Thacienne akajibu, "Koko, wameandika maziwa." Nikamuuliza kama atakunywa. Akanishika mukono, tukavuka.

Weye unazani muntu anaanza na kusoma. Anaanza na kuona. Pembe tatu nyekundu inamuambia simama. Herufi nyeusi zenye mabega magumu zinamuambia Leta, ndiyo serikali, iko hapa, na kwa Leta hakuna mwenye kwenda kunywa. Neno inafika nyuma, inakuta amekwisha kwenda. Mikono yako iko mizuri, mutoto wangu, ni kichwa njo ilichelewa.

Futa yote. Chora kisabo ya kusukia maziwa, ile ya tumbo nene, na herufi zifuate tumbo yake: nene, za mviringo, zenye kukaa chini kama wamama wamemaliza kulima. Rangi nyeupe. Usiulize katekista, yeye atasoma. Ita wamama watatu wenye hawakusoma, uwaoneshe, ufunge kinywa. Mumoja akiuliza nani mugonjwa, futa tena. Akiomba kikombe, pigilia musumari.

Siku ya soko ukuje na Papa yako na maziwa ya asubuhi. Nitaikunywa barabarani, mbele yake na mbele ya wamama wote. Ukuje na kikombe kubwa.